Nintendo Switch 2 na kilio cha "mbona ni ileile": maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Nintendo, kampuni ya gemu ya Japani, ilionyesha Switch 2, mashine yake mpya ya gemu ya kuchezea mkononi na kwenye runinga, kwa mara ya kwanza tarehe 16 Januari 2025, na video ile fupi haijapoa, maneno yalishaanza: "Mbona ni ileile, imekuzwa tu?" Mashine iliingia sokoni tarehe 5 Juni mwaka huohuo, lakini ubishi haukwisha. Haya hapa maswali yanayorudi kila ubishi unapowaka upya. Majibu yana upande: naona wengi waliimalizia mashine hasira zao, ilhali kilichowauma kweli kilikuwa bei na masharti yaliyokuja nayo.

Kwanza kabisa, nini kimebadilika kwenye mashine yenyewe?

Skrini imetoka inchi 6.2 (au 7, kwa wenye toleo la 2021 lenye skrini bora ya OLED) ikafika 7.9, na picha yake imepanda kutoka pikseli 1280 kwa 720 hadi 1920 kwa 1080. Inaweza kuonyesha hadi fremu 120 kwa sekunde, mara mbili ya zamani. Hifadhi ya ndani, iliyokuwa GB 32 tu kwenye Switch ya kwanza, sasa ni GB 256. RAM imetoka GB 4 hadi GB 12. Chipu bado ni ya Nvidia, ila hii mpya inaijua mbinu ya DLSS: mashine inachora picha ndogo, kisha hesabu za akili mnemba zinaikuza ionekane kali bila chipu kuelemewa. Ikiwekwa kwenye doki, kile kitako cha kuiunganishia na runinga, inatoa picha hadi ya 4K.

Joy-Con, pedi mbili za ubavuni, hazitelezi tena kwenye reli. Zinanasa kwa sumaku, na kila moja unaweza kuilaza kwa ubavu mezani ukaitumia kama kipanya cha kompyuta. Kuna kitufe kipya cha C cha kufungulia GameChat, yaani maongezi na marafiki wakati mnacheza. Kuna tundu la pili la USB-C upande wa juu, jambo dogo ambalo mtu aliyewahi kucheza huku mashine imesimama mezani inachajiwa ataliombea dua.

Unene umebaki palepale, milimita 13.9. Uzito umeongezeka: gramu 534 pamoja na Joy-Con, wakati ya kwanza ilikuwa kama gramu 400. Mikono midogo itaisikia tofauti hiyo.

Sasa kama yote hayo yamebadilika, kwa nini watu walisema ni ileile?

Kwa sababu umbo ni lilelile na wazo ni lilelile: skrini katikati, pedi pembeni, ukifika nyumbani unaichomeka kwenye runinga. Nintendo yenyewe ndiyo iliyowazoesha watu vioja. Mwaka 2004 ilitoa DS yenye skrini mbili. Mwaka 2006 ilitoa Wii, watu wakawa wanarusha mikono mbele ya runinga. Mwaka 2011 ikaja 3DS, yenye picha za kina zisizohitaji miwani. Switch ya 2017 nayo ilikuwa kioja, mashine ya runinga unayoweza kuibeba. Mtu aliyekua na historia hiyo alikaa mbele ya video ya Januari akisubiri kioja kingine, akaona Switch kubwa yenye sumaku.

Halafu kulikuwa na muda. Switch ilitoka tarehe 3 Machi 2017, ikakaa sokoni zaidi ya miaka minane kabla ya mrithi wake kufika. Katika miaka hiyo tetesi zilizaliana, kila moja ikiahidi zaidi ya nyingine, na Valve, kampuni ya gemu za kompyuta, ilishatoa Steam Deck tangu Februari 2022 ikaonyesha mashine ya mkononi inaweza kubeba gemu nzito za kompyuta. Kwa hiyo Switch 2 haikupimwa dhidi ya Switch peke yake. Ilipimwa pia dhidi ya mashine ambayo watu walishaijenga vichwani.

Jambo la mwisho, lile ambalo halisemwi sana: nguvu ya chipu haionekani kwenye picha ya kifaa. Ukiona kifaa kipya kina umbo la zamani, jicho linahukumu kabla kidole hakijagusa kitufe.

Je, Nintendo waliishiwa ubunifu?

Sidhani. Nadhani waliogopa, na walikuwa na sababu ya kuogopa. Wii iliuza mashine milioni 101.63. Mrithi wake, Wii U ya mwaka 2012, iliuza milioni 13.56. Wii U ilikuwa na wazo jipya, pedi yenye skrini yake, na ilikuwa na gemu nzuri ambazo baadaye zilihamishiwa Switch zikauza vizuri. Lakini wanunuzi wengi hawakuelewa kama ni mashine mpya au ni kifaa cha kuongezea kwenye Wii waliyonayo. Jina halikusaidia, matangazo hayakusaidia.

Ndiyo maana safari hii waliweka namba 2 na kufunga mjadala. Kouichi Kawamoto, mzalishaji wa Switch 2, alieleza katika mahojiano yaliyotolewa na Nintendo yenyewe kwamba waliwahi kulifikiria jina "Super Nintendo Switch". Waliliacha kwa sababu Super NES, mashine yao ya zamani, haikuweza kucheza gemu za NES iliyoitangulia, ilhali Switch 2 inacheza gemu za Switch. Utaona hapo hofu ilikuwa wapi: mnunuzi asichanganyikiwe, na gemu zake asizipoteze.

Switch ilikuwa imeuza zaidi ya milioni 150. Kampuni yenye wateja wengi kiasi hicho ikibadilisha kila kitu kwa ajili ya kushangaza watu, inacheza kamari na riziki yake.

Hii ni mara ya kwanza mashine ya mkononi kupata mrithi wa "hatua ndogo"?

La hasha. Kwa mashine za mkononi hilo ndilo jambo la kawaida, na malalamiko nayo ni ya kawaida. Ukiangalia nyuma utaona hatua ndogo zenyewe hazikuwahi kuiangusha mashine. Kilichoudhi watu ni kunyang'anywa kitu.

Game Boy ya 1989 ilifuatwa mwaka 1998 na Game Boy Color. Kwa karatasi ilikuwa hatua fupi mno: skrini ya rangi, kichakato chenye kasi maradufu, lakini bado mashine ya biti 8, baada ya miaka tisa. Ilicheza kaseti zote za Game Boy, na watengenezaji wengi waliendelea kutoa kaseti nyeusi zilizokubali mashine zote mbili. Hakuna aliyenyang'anywa kitu, na mashine ikauza vizuri sana.

Game Boy Advance ya 2001 ilikuja na skrini isiyo na taa. Ukiwa chumbani jioni ulilazimika kuigeuzageuza kutafuta mwanga. Mwaka 2003 ikatoka Game Boy Advance SP: nguvu ileile, gemu zilezile, ila ina taa, inakunjika na betri yake inachajiwa. Hatua ndogo, lakini iliondoa kero iliyokuwa inamsumbua kila mchezaji kila siku. Mpaka leo wapo wanaoiona SP kuwa ndiyo mashine bora ya mkononi kuwahi kutoka Nintendo, nami ni mmoja wao.

Sasa tazama upande wa pili. DSi ya 2008 iliongeza kamera mbili na duka la kupakulia gemu, lakini ikaondoa tundu la kaseti za Game Boy Advance. Wenye kabati la kaseti hizo hawakuzijali kamera. Sony nao walitoa PSP, mashine yao ya mkononi, nyembamba zaidi mwaka 2007, wakafuatisha ya 2008 yenye skrini ya rangi kali, na mistari iliyoonekana kwenye skrini hiyo picha zikienda kasi ikawa ndiyo gumzo kuliko rangi zenyewe. Mwaka 2009 wakatoa PSP Go isiyo na sehemu ya diski za UMD. Kifaa kilipendeza, kilitosha mfukoni, lakini mtu mwenye rafu ya diski aliambiwa, kwa maneno mengine, rafu yako haituhusu. Haikudumu.

New Nintendo 3DS ya 2014 ilifanya kosa la aina nyingine: iliongeza nguvu, kisha gemu chache sana zikatengenezwa kwa ajili ya nguvu hiyo. Aliyenunua alibaki kujiuliza amelipia nini.

Steam Deck OLED ya Novemba 2023 labda ndiyo mfano safi zaidi. Valve hawakuiita Steam Deck 2. Waliboresha skrini, betri na mambo madogo madogo, wakasema wazi kwamba mrithi kamili atasubiri hadi teknolojia iruke hatua ya maana. Hawakuahidi zaidi ya walichokuwa nacho, na mapokezi yakawa mazuri.

Switch 2 imekaa upande wa Game Boy Color: inabeba gemu za zamani na kuongeza nguvu.

Basi hasira ilitoka wapi?

Kwenye bei. Switch ya 2017 ilianza kwa dola 299.99 Marekani. Switch 2 ilitangazwa tarehe 2 Aprili 2025 kwa dola 449.99, au 499.99 ikiwa pamoja na Mario Kart World. Gemu hiyo ikinunuliwa peke yake ni dola 79.99. Donkey Kong Bananza, iliyotoka Julai, ilikuwa dola 69.99. Halafu kuna Welcome Tour, ambayo kwa kweli ni maonyesho ya kukufundisha mashine uliyonunua, nayo inauzwa dola 9.99. Kiasi hicho hakimfilisi mtu aliyekwishatoa mia nne na hamsini, lakini ni ujinga wa hali ya juu kumtoza mgeni kiingilio cha kuoneshwa nyumba yake mwenyewe. Wii ilikuja na Wii Sports ndani ya boksi karibu nchi zote, na gemu hiyo ndogo iliuza mashine kuliko tangazo lolote.

Matangazo ya Nintendo hayakuzitaja bei hizo kwa sauti. Watu walizikuta wenyewe baada ya kipindi hicho cha Aprili kwisha. Siku zilizofuata, Nintendo walipokuwa wanaonyesha gemu moja kwa moja mtandaoni, safu ya maoni ilifurika maneno mamoja: shusheni bei, shusheni bei. Watangazaji waliendelea kutabasamu na kucheza.

Wakati huohuo Marekani ilitangaza ushuru mpya kwa bidhaa za nje. Nintendo ikaahirisha kuagiza mapema huko, kutoka tarehe 9 Aprili hadi 24 Aprili. Bei ya mashine ilibaki palepale, ila vifaa vya kuongezea, zikiwamo Joy-Con 2 na Pro Controller, vilipanda. Mwezi Agosti 2025 ikapanda pia bei ya Switch ya zamani nchini humo: ile ya kawaida ikafika dola 339.99. Mashine ya miaka minane inauzwa ghali kuliko siku ilipozaliwa! Zamani tulizoea kungoja, bei ishuke. Mazoea hayo yamevunjika, na nadhani hilo liliwauma watu kuliko namba yoyote iliyoandikwa kwenye boksi la Switch 2.

Je, Nintendo wamewahi kushusha bei baada ya kelele?

Kwa kishindo, ndiyo, lakini si kwa ajili ya kelele. 3DS ilitoka Marekani Machi 2011 kwa dola 249.99, haikuuzika, na Agosti ya mwaka huohuo ikashushwa hadi 169.99. Waliowahi kununua walifidiwa kwa gemu 20 za bure, 10 za NES na 10 za Game Boy Advance, na rais wa kampuni wakati huo, Satoru Iwata, alikatwa nusu ya mshahara wake. Ilipofika mwisho, 3DS ilikuwa imeuza zaidi ya milioni 75.

Tofauti na 2025 iko wazi. Mwaka 2011 watu walikaa na pesa zao. Mwaka 2025 walilalamika huku wamepanga foleni.

Kwa hiyo pamoja na kelele zote, iliuzika?

Sana. Ziliuzwa zaidi ya milioni 3.5 duniani kwa siku nne za kwanza, kasi ambayo hakuna mashine ya Nintendo iliyowahi kuifikia. Kufikia mwisho wa Septemba 2025 zilikuwa milioni 10.36, na kampuni ikapandisha makadirio yake ya mwaka wa fedha kutoka milioni 15 hadi 19. Japani, bahati nasibu ya kununua kupitia duka la Nintendo lenyewe ilipata maombi kama milioni 2.2, na hayo ni ya watu waliotimiza masharti tu: saa 50 za kucheza kwenye Switch na mwaka mzima wa uanachama wa mtandaoni. Rais Shuntaro Furukawa alilazimika kuwatangulizia watu habari kwamba wengi wangekosa.

Lakini tusidanganyane: mauzo ya miezi ya mwanzo hayathibitishi kwamba walalamikaji walikosea. Wanaonunua mwanzoni ni wale ambao wangenunua tu. Mtihani wa bei unakuja baadaye, kwa familia zenye watoto wawili na Switch moja isiyo na tatizo lolote.

Hizi kadi za ufunguo ni nini, na kwa nini watu wamezichukia?

Kadi ya ufunguo inafanana na kadi ya kawaida ya gemu, lakini ndani yake hakuna gemu. Kuna ruhusa tu. Unaichomeka, mashine inapakua gemu nzima kutoka intaneti, na kila ukitaka kucheza lazima kadi iwe ndani. Unabeba usumbufu wa pande zote mbili: inakula hifadhi yako kama gemu ya kupakua, na huwezi kucheza ukiisahau kadi nyumbani.

Wanaoitetea husema kwamba unaweza kuiuza au kumwazima mwenzako, jambo lisilowezekana kwa gemu uliyoipakua kwenye akaunti yako. Ni kweli. Pia kadi za Switch 2 zenye nafasi kubwa ni ghali kuzitengeneza, na wachapishaji wanabana matumizi. Hata hivyo Cyberpunk 2077, gemu nzito kuliko nyingi zilizotoka siku ya kwanza, ilikuja nzima kwenye kadi ya GB 64. Ikiwa hiyo iliwezekana, mchapishaji mwenye gemu nyepesi anayeuza ufunguo mtupu anajitetea kwa shida. Mario Kart World na Donkey Kong Bananza nazo zimo kamili kwenye kadi zao.

Swali ambalo hakuna anayelijibu vizuri ni hili: siku seva zikizimwa, kadi hiyo itakuwa nini? Kaseti ya Game Boy ya mwaka 1989 ukiipata leo inacheza. Hapa ndipo ninapokubaliana na wenye hasira kabisa. Kabla ya kununua tazama sehemu ya chini ya jalada: kadi za ufunguo zina alama na maandishi yanayosema utahitaji kupakua.

Gemu zangu za Switch zitacheza?

Karibu zote, za kadi na za kupakua. Mashine ikitoka boksini inahitaji kwanza kusasishwa kupitia intaneti ndipo izikubali. Nintendo wameeleza kwamba chipu mpya haiendeshi gemu za zamani moja kwa moja. Programu inatafsiri amri zake papo hapo wakati unacheza, ndiyo maana chache zilikuwa na kasoro mwanzoni.

Hapa ndipo kauli ya "ni ileile" inapodhoofika. Gemu zilizokuwa zikikwamakwama sasa zinateleza, na kusubiri gemu ifunguke kumepungua sana. Pokémon Scarlet na Violet za 2022, zilizochekwa dunia nzima kwa jinsi zilivyokuwa zinajikokota, zilipata sasisho la bure na kuwa gemu za fremu 60 kwa sekunde. Super Mario Odyssey nayo ilisasishwa bure. Gemu mbili kubwa za Zelda zinatozwa dola 9.99 kila moja kwa maboresho, isipokuwa kwa wanachama wa kifurushi cha juu cha huduma ya mtandaoni.

Yasiyohama ni machache. Vifaa vya Labo, vile vya kadibodi vya Nintendo, vya kuvaa usoni havitoshi kwenye umbo jipya. Ring Fit Adventure inahitaji Joy-Con za zamani, ambazo bado unaweza kuziunganisha bila waya. Doki ya zamani haifai.

Na kadi yangu ya kumbukumbu?

Kwa gemu, hapana. Switch 2 inataka microSD Express, yenye kasi zaidi na ghali zaidi. Ya kawaida itakusaidia kuhamisha picha na video ulizonasa tu. Angalia maandishi "Express" kabla ya kulipa, wauzaji wengine hawajui tofauti.

Ni kweli skrini ni mbaya kuliko ya OLED?

Inategemea unatazama nini. OLED kila pikseli inajizima yenyewe, kwa hiyo nyeusi ni nyeusi. Skrini ya Switch 2 ni LCD: nyeusi yake ni kijivu cheusi, na hata HDR inayotangazwa, yaani picha yenye mwanga na kiza vilivyoachana zaidi, haiwezi kung'aa kama ilivyokusudiwa. Waliopima kwa vifaa walilalamikia pia pikseli kuchelewa kubadilika: kitu kikipita kwa kasi kinaacha ukungu nyuma yake.

Kwa upande mwingine ni kubwa zaidi, ina pikseli zaidi ya maradufu, na maandishi madogo yanasomeka. Mtu aliyetoka Switch ya 2017 ataona amepanda ghorofa. Aliyetoka toleo la OLED ataona kitu kimepungua, na hakosei. Ni kile kile kilichowapata wenye DSi: ukishampa mtu kitu, usitegemee asikione kikiondoka.

Betri je?

Nintendo wanasema saa 2 hadi 6.5. Switch ya kwanza kabisa ilikuwa 2.5 hadi 6.5, na iliyoboreshwa mwaka 2019 ilikuwa 4.5 hadi 9. Betri yenyewe ni kubwa zaidi, mAh 5220, ila skrini na chipu vinaila. Kwa gemu nzito hesabu saa mbili na ushee. Kuna mpangilio wa kuzuia chaji isifike juu kabisa, ishie karibu asilimia 90, ili betri idumu. Uwashe ikiwa mashine yako inalala kwenye doki siku nyingi.

Vijiti vitaendelea kujiendea vyenyewe?

Tatizo hilo, la kijiti kusogeza mhusika hali hujakigusa, liliisumbua Switch ya kwanza hadi likafika mahakamani. Vijiti vipya ni vikubwa na vina utulivu zaidi, lakini Nintendo wamethibitisha kwamba havitumii vihisi vya sumaku vya Hall, ambavyo havisuguani na hivyo havichakai kwa namna ileile. Walisema wameviunda upya. Miaka ndiyo itakayosema, na kwa bei hii ningependa kuambiwa zaidi ya hapo.

Ukarabati nao ni mgumu. iFixit, wanaofungua vifaa na kuvipa alama, waliipa 3 kati ya 10, mojawapo ya sababu ikiwa betri iliyogandishwa kwa gundi.

Kipanya na GameChat ni vitu vya maana au mapambo?

Kipanya kinafanya kazi vizuri kuliko nilivyotegemea, hata juu ya paja, na kwenye gemu za kulenga shabaha kama Metroid Prime 4 au za mkakati kama Civilization VII kina faida ya kweli. Ubavu wa Joy-Con ni mwembamba, kiganja kinachoka. GameChat ni simu ya kundi iliyojengewa ndani, hadi watu 12 kwa sauti. Ilikuwa bure kwa wote hadi mwisho wa Machi 2026, baada ya hapo inataka uanachama. Kwa watu wazima walio na programu zao za kuongea haina jipya. Kwa mzazi anayetaka kujua mtoto anaongea na nani, ina udhibiti ambao programu nyingine hazina.

Toleo la Japani ni rahisi zaidi. Ninunue hilo?

Ilipotoka mwaka 2025 ilikuwa yeni 49,980, dhidi ya yeni 69,980 kwa toleo la lugha nyingi lililouzwa hukohuko. Lakini mashine yenyewe inaongea Kijapani tu, na inakubali akaunti za Nintendo zilizosajiliwa Japani tu. Usinunue kwa kutegemea utapata njia ya kuzunguka.

Nina Switch tayari. Nibadilishe?

Mwenye toleo la OLED anayecheza mkononi tu, gemu zilezile, asubiri. Atapoteza nyeusi nzuri na saa za betri. Mwenye Switch ya 2017 ambayo betri imechoka, anayecheza sana kwenye runinga, au anayetaka gemu ambazo Switch haiwezi kuzibeba, ataona thamani ya pesa yake. Gemu kadhaa kubwa za 2025, kama Pokémon Legends: Z-A na Metroid Prime 4, zilitoka kwa mashine zote mbili, kwa hiyo ya zamani haijafa. Na kwa mtoto wa miaka sita, Switch ya mtumba inatosha kabisa.

Nikinunua Switch 2 iliyotumika, niangalie nini?

Iunganishe na intaneti mbele ya muuzaji na ufungue duka la Nintendo. Mashine zilizokamatwa zikitumia kadi bandia za kunakili gemu hufungiwa huduma za mtandaoni, na kifungo hicho hukaa kwenye mashine, siyo kwenye akaunti ya mtu. Ukiinunua umenunua na kifungo chake.  Jaribu vijiti vyote viwili, chomoa na uchomeke Joy-Con, kisha iweke kwenye doki uone picha inatoka.

Kuna karatasi nyembamba ya plastiki juu ya skrini. Niibandue?

Usiibandue. Imewekwa kiwandani ili vipande visitawanyike kioo kikivunjika. Kinga ya kioo ya kununua unaibandika juu yake.